Barua iliyolala kwenye trei: mwanafunzi wa kidato cha tano alivyoingia ofisi ya fedha

Barua yake ilifika ofisini kwetu mwanzoni mwa Novemba. Niliisoma nimesimama, nikaiweka kwenye trei ya barua zinazoingia, ikalala humo mwezi mzima. Haikuwa na kosa. Anwani mbili zilikuwa mahali pake, YAH kwa herufi kubwa, "Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu," kisha maelezo kwamba mwandishi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, mchepuo wa ECA, yaani Uchumi, Biashara na Uhasibu, anaomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika fani ya fedha wakati wa likizo ya Desemba. Nyuma yake kulikuwa na wasifu wa ukurasa mmoja, kwa Kiingereza, unaosema kwamba mhusika ni mchapakazi na anaweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Ana miaka 17.

Mimi ni mhasibu wa SACCOS moja, yaani chama cha akiba na mikopo, mjini Moshi. Wazazi wengi hunisimamisha njiani kuniuliza mtoto wao afanyeje apate pa kujishikiza kwenye ofisi ya fedha kabla hajafika chuo, na ushauri wanaopewa kwingine ni uleule: aandike wasifu mzuri, ajiamini. Nimeona nikiandike kisa hiki kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, pamoja na sehemu ambazo mimi mwenyewe niliharibu. Jina la chama nimeliacha, na la binti vilevile.

Barua zilikuwa kumi na moja. Yeye yuko bweni, kwa hiyo aliyezunguka nazo mjini ni shangazi yake anayemlea. Tano zilikwenda kwenye matawi ya benki, mbili kwa wakaguzi wa hesabu, mbili ofisi za bima, moja kampuni ya mikopo, moja kwetu. Majibu yalikuja mawili tu, yote kwa simu ya shangazi. Tawi moja la benki lilisema maombi yote yapelekwe makao makuu Dar es Salaam kwa njia ya mtandao, na shangazi alipomtafuta kijana wa steshenari amfungulie fomu hiyo, fomu ikataka jina la chuo na namba ya usajili ya mwanachuo. Kampuni ya mikopo ilikuwa tayari kumpokea hata kesho yake, mradi azunguke mitaani kutafuta wakopaji na alipwe kwa kila kichwa atakachokileta. Shangazi alikata simu. Alifanya vizuri.

Watu hudhani ofisi humkataa mwanafunzi wa sekondari kwa kuwa hajui kitu. Tusidanganyane: hata wa chuo wanaokuja fildi hawajui kitu, na wiki ya kwanza yote huishia kuuliza fomu gani inakwenda kwa nani. Ila wa chuo anakuja na kamba za kumfungia. Ana barua ya chuo, daftari la kazi za kila siku lenye sehemu ya saini yangu, mhadhiri atakayekuja kumkagua, na tarehe ya kuanza na ya kuondoka. Akiharibu, najua mlango wa kwenda kugonga. Na kwa mji wetu hao hawapungui, maana Chuo Kikuu cha Ushirika kiko hapahapa, kimekuwa kikifundisha watu wa vyama tangu 1963 kilipoanza kama Chuo cha Ushirika. Likizo ndefu ya katikati ya mwaka ikifika, kila chama kina vijana wake wawili watatu kwenye benchi.

Umri wenyewe si kizuizi cha sheria kama wengi wanavyosema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Kuanzia hapo inaruhusu kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Kupanga makaratasi mezani ni kazi nyepesi kwa kipimo chochote.

Kinachoifanya ofisi isite ni kingine. Ofisi ya fedha ina vitu vitatu vya kulinda: fedha yenyewe, taarifa za wenye fedha, na nywila za mfumo. Mgeni yeyote akipiga hodi, anayemsikia anajiuliza ni kipi kati ya hivyo kitakuwa hatarini. Barua ya binti haikugusa hata kimoja. Ilisema anataka kujifunza. Kujifunza ni faida yake yeye, na mimi nabaki na hatari yote mkononi. Kwa benki ndiyo zaidi, kwa sababu Sheria ya Benki na Taasisi za Fedha ya 2006 inawabana wafanyakazi wake kuhusu siri za wateja, na meneja wa tawi hana mamlaka ya kumwingiza mtu nyuma ya kaunta kwa huruma yake. Zile barua tano za matawini zilikufa tangu zilipofika mlangoni.

Sasa Desemba. Anayeijua Moshi anajua mwezi huo ulivyo. Mabasi na magari madogo kutoka Dar yanamiminika, kila kihamba, yaani shamba la ukoo, kina mgeni, bei ya mbuzi inapanda, na chama cha akiba na mikopo kinavutwa huku na huku. Wanachama wanataka mikopo: ya sikukuu, ambayo kwenye fomu huandikwa ya dharura, na ya ada za Januari, ambayo huandikwa ya elimu. Sisi kwa upande wetu tunatakiwa kufunga hesabu tarehe 31. Mkaguzi wa COASCO, shirika la kukagua vyama vya ushirika, akija atataka stakabadhi ziwe kwenye mfuatano wa namba, kila vocha ya malipo iwe na kiambatisho chake, na daftari la fedha likubaliane na taarifa ya benki mwezi kwa mwezi. Kazi ya kupanga hayo makaratasi haina fedha ndani yake, haina nywila, na hakuna mfanyakazi anayeikimbilia. Mwaka ule maboksi yalikuwa sita, yamepangwa nyuma ya kiti changu kiasi kwamba sikuweza kuegemea.

Shule zilikuwa zimefungwa siku chache tu shangazi alipokuja dirishani kuulizia mkopo wake. Anauza ndizi Mbuyuni na ni mwanachama wa miaka mingi. Alikuwa ameongozana na binti mrefu aliyebeba daftari la kaunta kubwa kifuani.

"Mama, huyu ndiye wa ile barua," akaniambia.

"Shikamoo mama," binti akasema.

"Marahaba."

Nikageuka kwenye trei, nikaivuta barua kutoka chini ya nyingine, mbele yao wote wawili, vumbi na yote. Aibu niliyoisikia sikuionyesha. Nikafanya kama wanavyofanya wenye ofisi wakiona aibu, nikauliza swali la kumbana: "Haya, unajua nini kuhusu uhasibu?"

Akaanza kunisomea darasa. Kila debiti ina kredi yake, aina za mali, tofauti ya gharama za mtaji na za uendeshaji. Yote sahihi, na hakuna hata moja lililonisogeza. Alipofika kwenye uchakavu wa mali, shangazi akamkatiza: "Mwambie ya sanduku."

Habari ya sanduku ndiyo iliyomwingiza, kwa hiyo naieleza yote.

Shangazi yuko kwenye VICOBA ya wanawake 28. Hukutana kila wiki, kila mmoja ananunua hisa kuanzia moja hadi tano kwa shilingi 2,000 kila hisa, wanakopeshana, wanatozana faini za kuchelewa, na Desemba wanagawana. Sanduku lina kufuli tatu na funguo zake zinakaa kwa watu watatu. Mwaka huo walipohesabu fedha ya mgao, baada ya mikopo yote kurudi, sanduku lilitoa 9,936,000. Daftari lilisema 9,909,000. Fedha ilizidi kwa 27,000.

Mtu wa kawaida fedha ikizidi anafurahi. Kikundi hiki nacho kilitaka kufurahi. Baadhi wakapendekeza 27,000 inunuliwe soda na nyama siku ya mgao, yaishe. Binti, aliyekuwa amefunga shule juzi yake na amekwenda kumsaidia shangazi kuandika, akawaambia kwamba fedha iliyozidi ni ya mtu, na wasipomjua watakuwa wamemnyang'anya. Nadhani hapo ndipo mweka hazina alipomkabidhi daftari, nusu kwa kumwamini na nusu kwa kumnyamazisha.

Alikaa nalo jioni mbili. Aliandika upya makusanyo ya kila mkutano, safu moja ya hisa, moja ya marejesho, moja ya faini, kisha akalinganisha na vitabu vidogo vya wanachama, kimoja baada ya kingine. Kwenye mkutano wa mwezi Agosti akakuta mwanachama mmoja amerejesha mkopo 63,000, kitabu chake kidogo kinasema hivyo, daftari kuu likasema 36,000. Katibu aligeuza tarakimu mbili. Mwanachama huyo kwenye daftari kuu alikuwa bado anadaiwa 27,000, na wenzake walikuwa tayari kumkata kwenye mgao.

Akanifungulia ukurasa aliouandika. Kalamu ya bluu, mistari imepigwa kwa rula. Jumla ya hisa 4,320. Fedha sahihi 9,936,000. Thamani ya hisa moja 2,300. Chini yake alikuwa ameonyesha ingekuwaje kama wangeligawanya kwa hesabu ya daftari: 2,293.75. Pembeni, kwa mwandiko mdogo: "mwenye hisa 200 angepoteza 1,250."

Hapo nikavuta kiti. Wahasibu wana mbinu ya zamani ambayo yeye hakuwa ameambiwa: tofauti ikigawanyika kwa tisa bila baki, anza kutafuta tarakimu zilizogeuzwa. Ishirini na saba elfu inagawanyika. Ningemwambia angetumia dakika kumi badala ya jioni mbili. Nilipomwonyesha alinyamaza kidogo, akachukua karatasi akajaribu 54 na 45, 81 na 18, 72 na 27, akatikisa kichwa. Kisha akaandika mbinu hiyo nyuma ya daftari la VICOBA, kwa ajili ya katibu.

"Nina maboksi sita ya stakabadhi za kupanga kwa namba," nikamwambia.

"Kila boksi lina vitabu vingapi?"

Wanachuo niliowahi kuwapokea hawajawahi kuniuliza hilo. Huuliza watalipwa nauli au hapana.

Meneja alikataa mara mbili. Mara ya kwanza alisema hana mamlaka. Mara ya pili, tukiwa peke yetu, alisema ukweli, kwamba ikipotea hata stakabadhi moja wajumbe wa kamati ya usimamizi watauliza mtoto wa shule alitafuta nini humo. Alikuwa na haki. Nikarudi mezani nikaandika karatasi moja, na kama kuna kitu kimoja mtu anaweza kukichukua kwenye kisa hiki akakitumia kesho asubuhi, basi ni karatasi hiyo. Sikuandika atakachojifunza. Niliandika asivyovigusa: hatashika fedha taslimu, hatapewa nywila wala kukaa kwenye kompyuta yenye mfumo, hatabaki ofisini peke yake, hatachukua karatasi yoyote kwenda nayo nyumbani, hatahudumia mwanachama dirishani. Baada ya hapo kazi mbili: kupanga stakabadhi na vocha za mwaka kwa mfuatano, na kuorodhesha namba zinazokosekana. Saa 2:30 asubuhi hadi saa 9:00 alasiri. Kuanzia baada ya Sikukuu ya Uhuru hadi mwisho wa mwezi. Vikaambatishwa barua ya mkuu wa shule, ridhaa ya mlezi iliyosainiwa, na fomu ya kutunza siri ileile wanayojaza wafanyakazi wetu. Meneja alisoma, akampigia mwenyekiti wa bodi, akasaini.

Binti angeweza kuiandika karatasi hiyo mwenyewe tangu Novemba. Simlaumu, hakuna mwalimu aliyemwambia kuwa upande wa pili wa meza kuna mtu anayeogopa.

Maboksi yaliisha siku ya nne. Nilitegemea wiki mbili. Namba zilizokosekana zilikuwa tisa. Saba tukazikuta zimebanwa nyuma ya hati za kuweka fedha benki, moja ilikuwa stakabadhi iliyoharibika ambayo nakala zake zilitakiwa zibaki kitabuni lakini zilichanwa, na moja hatukuiona mpaka leo, nami nimeiandikia maelezo. Kwa kuwa kazi iliisha, nikampa nyingine iliyokuwa inanisumbua tangu Machi: fedha zilizoingia kwa simu ambazo hatujui ni za nani. Wanachama hulipa kwa simu ya mume, ya mtoto, au ya wakala, hawaandiki namba ya uanachama, na sisi tunabaki na kiasi na tarehe tu. Niliziba namba za simu kwa karatasi nikatoa nakala, nikampa tarehe na viasi peke yake alinganishe na marejesho yaliyochelewa kuonekana. Kati ya 19 alizipatia wenyewe 12 kwa kubahatisha kwa akili: mtu anayerejesha 87,500 kila mwezi hawi na wenzake wengi. Tulipowapigia, wote 12 walikuwa wenyewe.

Nilifurahi nikalegea, na kulegea huko ndiko kulikoleta mkosi.

Siku ya tano au ya sita, jioni, nikiwa nyumbani napitia hali za watu kwenye WhatsApp, nikakutana na picha ya meza yangu. Kikombe cha chai, kikokotoo, kalamu, na maneno "Siku nyingine ofisini," yakiwa na moyo mwekundu. Nyuma ya kikombe kulikuwa na kadi ya leja ya mwanachama. Nilikuza picha. Jina la kwanza lilisomeka lote, na salio la akiba tarakimu zake tatu za mwanzo.

Nilimpigia. Aliifuta kabla sijamaliza sentensi, akaanza kulia. Watu 34 walikuwa wameshaiona. Nililala vibaya, asubuhi nikamweleza meneja kabla hajasikia kwa mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na meneja wetu alikuwa ametoka kwenye semina yake miezi michache kabla, hivyo sikuhitaji kumweleza uzito. Alitaka binti asirudi. Tulimpigia mwanachama mwenyewe, mama wa makamo, tukamweleza na kumwomba radhi. Akauliza tu kama salio lilionekana lote, tukamwambia hapana, akasema basi.

Kosa la nani? Binti alisaini fomu ya siri. Lakini nilimpa fomu hiyo kama tunavyowapa wote: "weka saini hapa na hapa." Kwenye kichwa chake siri ilikuwa kutokwenda kumsimulia mtu mkopo wa jirani. Kupiga picha ya kikombe chako haifanani na kutoa siri, mpaka ukuze picha. Kwa kizazi chake kutoweka picha ya siku ya kazi ndilo jambo la ajabu. Nilimwambia meneja kwamba kama anaondoka yeye na mimi nipewe onyo la maandishi. Tukaafikiana kwamba simu itakuwa inaachwa kwenye droo ya mlinzi, ya binti na, kuanzia siku hiyo, za wafanyakazi wote wa chumba cha nyuma. Keshia hajanisamehe hadi leo.

Mambo mengine aliyojifunza ningeweza kuyapitia haraka, isipokuwa moja. Mwalimu mstaafu alikuja kulalamika kwamba tumemdanganya, maana mtu mmoja mjini anakopesha kwa asilimia 1.5 kwa mwezi kama sisi, lakini karatasi yake na yetu hazifanani. Mkopo 1,200,000, miezi 12. Binti alikuwa mezani kwangu. Nikampa karatasi: "Mfanyie mwalimu hesabu zote mbili, kwa sauti." Kwa yule mwingine riba inahesabiwa juu ya mkopo wote kila mwezi hadi mwisho, 18,000 mara 12, jumla 216,000. Kwetu inahesabiwa juu ya deni lililobaki, mwezi wa kwanza 18,000, wa pili 16,500, inashuka hivyo, jumla 117,000. Mzee akachukua kalamu akarudia mwenyewe, polepole, akatoa moja kwa nyingine. Tisini na tisa elfu. Akamgeukia binti: "Unasoma wapi, mwanangu?" Shuleni alikuwa amefundishwa kanuni zote mbili na alizijua kabla hajaja. Hakuwahi kumwona mtu ambaye 99,000 hiyo ni nusu ya pensheni yake ya mwezi.

Sasa niseme la koneksheni, maana najua msomaji amelishika tangu pale shangazi alipofika dirishani. Ndiyo. Barua yake ililala mwezi mzima na ikaamka siku mwanachama alipoitaja. Bila shangazi, daftari la VICOBA lisingefika mezani kwangu. Hata hivyo wanachama wengi huja na watoto wao kila mwaka, wengine ni wajumbe wa bodi, na nimewarudisha, kwa sababu hawakuja na kitu cha kuangalia. Shangazi alifungua mlango, ukurasa wa kalamu ya bluu ukamkalisha kwenye kiti. Lakini siwezi kujifanya kuwa mtoto asiye na shangazi mwanachama angepata nafasi ya kuufungua ukurasa huo mbele yangu, na hilo linanisumbua.

Wapo wanaokuja na mengine ya kuonyesha. Mmoja aliniambia anafuatilia bei za hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam kwenye simu, mwingine thamani ya vipande vya Mfuko wa Umoja wa UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ambayo hutangazwa kila siku ya kazi. Ni vizuri, na havina gharama. Nikiwauliza wameona nini katika miezi mitatu ya kufuatilia, wanasema "inapanda na kushuka." Kijana aliyekaa kwenye kibanda cha wakala wa fedha za simu cha mama yake na anaweza kunieleza kwa nini Ijumaa jioni floti, yaani salio la kwenye simu, inabaki na taslimu inaisha, huyo nitamsikiliza muda mrefu zaidi, kwa sababu ameshalinda fedha ya mtu.

Alipomaliza nilimwandikia barua ya utambulisho. Rasimu ya kwanza ilijaa "mwaminifu, mwenye bidii, mwepesi kuelewa," nikaifuta. Ya pili ilisema alipanga stakabadhi za mwaka mzima kwa siku nne, aliorodhesha namba tisa zilizokosekana, alisaidia kutambua malipo 12 kati ya 19 yasiyojulikana. Nilifikiria kuandika pia habari ya picha. Sikuandika, na sina hakika kama nilifanya sawa. Yeye mwenyewe ananiambia anataka mitihani ya Bodi ya Wahasibu akimaliza kidato cha sita, JKT wakimruhusu kupumua.

Januari kamati ya usimamizi ilikaa. Hoja ya kwanza kwenye taarifa yao ilikuwa yangu: shilingi 65,000 zilizolipwa kutoka fedha ndogo za ofisi kama nauli na chakula, siku 13 kwa 5,000, kwa mtu asiye mfanyakazi, bila kifungu kwenye makisio. Walikuwa sahihi kabisa. Nilijibu kwa maandishi, nikaambatisha karatasi yenye saini ya mwenyekiti, na hoja ikafungwa kwa sharti kwamba mwakani kiwekwe kifungu au asipokelewe mtu.

Kifungu kimewekwa, cha wanafunzi wawili. Mkutano mkuu ulikipitisha bila maswali, kwa kuwa watu walikuwa wanasubiri kufika kwenye gawio. Bodi bado inabishana kama nafasi moja iachwe kwa mtoto asiye na ndugu kwenye chama. Mwenyekiti anasema fedha ni ya wanachama, iwafae watoto wa wanachama. Barua zimeshaanza kuingia. Trei nimeihamishia upande wa kulia, mkono unapofika.